Gita la umeme limekata sauti? Jaribu haya kabla ya kulipeleka kwa fundi

Jumamosi jioni, mazoezi ya kwaya yameanza. Mpiga solo anachomeka kebo, anapiga uzi wa kwanza: kimya. Anatikisa waya, gita linatoa "krrr", sauti inarudi, halafu inakata tena. Mmoja nyuma anasema, "Hilo limeshakufa, tuchange tununue lingine." Na kesho asubuhi kuna ibada.

Kabla hamjaanza kuchangishana, subirini kidogo. Gita la umeme halifi kirahisi hivyo. Mbao yake, shingo yake na pikapu zake zinaweza kudumu miaka mingi. Kinachochoka mapema ni vitu vidogo vinavyoguswa na kuzungushwa kila siku: tundu la kebo, voliumu, swichi, skrubu na nyuzi. Vingi kati ya hivyo unaweza kuvitengeneza mwenyewe sebuleni, kwa bisibisi, mswaki wa zamani na hela kidogo tu.

Siri ni moja: anza na jaribio la bure, kisha la hela ndogo, na la hela kubwa liwe la mwisho. Wengi tunafanya kinyume. Tunanunua pikapu mpya, kumbe kilichokuwa kimelegea ni nati.

Kwanza elewa sauti inapita wapi

Gita la umeme ni kifaa rahisi kuliko redio ya mkulima. Chini ya nyuzi kuna pikapu (siyo ile ya kubeba mizigo). Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye ule waya.

Umeme huo unatoka kwenye pikapu, unapita kwenye swichi ya kuchagua pikapu, unaingia kwenye voliumu na toni, kisha unafika kwenye jeki, yaani lile tundu la kuchomekea kebo. Kutoka hapo unasafiri kwenye kebo hadi kwenye amplifaya. Basi, safari imeisha.

Kwa hiyo sauti ikikatika, kosa liko mahali fulani kwenye njia hiyo. Kazi yako ni kuifuata kituo kwa kituo, ukianzia mwisho kurudi nyuma.

Usalama: gita halina shida, hatari iko kwenye amplifaya

Umeme unaozalishwa na pikapu ni mdogo mno, hauwezi kukudhuru. Ukishachomoa kebo unaweza kufungua gita bila hofu yoyote.

Amplifaya ni habari nyingine. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Zile za zamani zenye valvu hubeba mamia ya volti. Usizifungue kama hujasomea kazi hiyo. Hapo mpe fundi hela yake.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Nyuzi za gita zimeunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia kebo. Maana yake ukiwa umeshika nyuzi, na maikrofoni iliyo mbele yako inavuja umeme kwa sababu ya ethi mbovu, mwili wako ndio unakuwa waya wa kupitisha. Mwaka 1972 mpiga gita wa Scotland, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi huku ameshika gita.

Kwa hiyo ule mchezo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, acha. Usikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Na kama mdomo ukigusa maikrofoni unasikia vijisindano vinakuchoma, usiseme "ni kawaida yake". Zima kila kitu, mwite fundi umeme.

Vifaa vya kuanzia

Hauhitaji sanduku zima la vifaa. Anza na hivi:

- Bisibisi ya nyota na bapa, ndogo na ya kati.
- Plaizi ndogo.
- Ufunguo mdogo uliopinda kama herufi L, kwa skrubu za daraja. Magita mengi hutumia wa milimita 1.5, lakini pima lako kwanza.
- Mswaki wa zamani na kitambaa kikavu cha pamba.
- Mafuta ya cherehani.
- Penseli, njiti za meno na gundi nyeupe ya maseremala.
- Simu yako, yenye programu ya bure ya kutyuni.

Baadaye, hela ikiruhusu, ongeza vitatu: spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme, mita ya kupimia ile ya mafundi redio, na kifaa cha kuchomelea risasi cha wati 30 hadi 40. Kama mtaani kwako kuna fundi redio, huenda hata huhitaji kununua. Mwombe akuazime hapo hapo ofisini kwake kwa dakika kumi.

Hatua ya kwanza: mtafute mwizi wa sauti

Usifungue skrubu hata moja kabla ya kufanya majaribio haya:

1. Badilisha kebo. Kebo ndiyo inayokanyagwa, kuvutwa na kukunjwa ovyo. Azima nyingine inayofanya kazi. Tatizo likiisha, umepona bila kugusa gita.

2. Badilisha gita. Chukua gita la mwenzako, lichomeke kwenye kebo na amplifaya ile ile. Likilia vizuri, basi kosa liko kwenye gita lako. Likikata na lenyewe, geukia amplifaya.

3. Angalia betri. Magita mengine, hasa ya besi, yana betri ya volti 9 nyuma. Betri ikiisha, gita linanyamaza au linatoa sauti iliyochakaa. Kwenye magita ya aina hii, kuchomeka kebo ndiko kunakowasha betri. Ukilaza gita na kebo ikiwa ndani, asubuhi betri imekwisha.

4. Tikisa plagi kwenye tundu la gita. Sauti ikikatika na kurudi, shida ni jeki.

5. Zungusha voliumu polepole. Ikikwaruza au sauti ikapotea sehemu fulani tu, shida ni voliumu.

6. Hamisha swichi. Upande mmoja ukilia na mwingine ukakaa kimya, shida ni swichi au ile pikapu moja.

Dakika tano tu, na tayari unajua pa kugusa.

Jeki iliyolegea: ugonjwa namba moja

Kila ukichomeka na kuchomoa kebo, jeki inatikisika. Taratibu nati yake ya nje inalegea. Hapo watu hufanya kosa: wanashika plaizi na kukaza nati kutokea nje. Jeki nzima inazunguka ndani, waya zinajisokota, zinakatika. Tatizo dogo limegeuka kubwa.

Fanya hivi: fungua skrubu za kibati cha jeki, kitoe taratibu. Shika mwili wa jeki kwa ndani kwa vidole au plaizi, halafu kaza nati ya nje. Umemaliza.

Ukiwa umeshaifungua, iangalie vizuri. Utaona ulimi wa chuma uliopinda. Huo ndio unaogusa ncha ya plagi. Ukilegea, haugusi sawasawa. Kebo ikiwa nje, ukunje kidogo sana kuelekea katikati ya tundu, kisha chomeka ujaribu. Plagi inatakiwa iingie kwa kubana na itoe mlio wa "tak".

Ndani ya tundu kunaweza kuwa na uchafu na kutu. Funga kitambaa chembamba kwenye njiti, ulowanishe kwa spiriti kidogo, safisha, acha pakauke.

Ukikuta waya umekatika, kumbuka kanuni hii: waya wa sauti unaenda kwenye mguu wa jeki ulioungana na ule ulimi. Waya wa ethi unaenda kwenye mguu ulioungana na mwili wa jeki. Ukizigeuza, gita litavuma kama nyuki. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, picha moja itakuokoa.

Voliumu inayokwaruza

Ndani ya voliumu kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi na jasho vikiingia, unasikia "krrr krrr" kila ukizungusha.

Dawa yake ni kusafisha. Kwenye gita la muundo wa Stratocaster unalegeza nyuzi na kufungua bamba la mbele, ambalo mara nyingi lina skrubu 11. Kwenye Telecaster ni rahisi zaidi: kibati cha voliumu kina skrubu mbili tu. Kwenye magita ya muundo wa Les Paul unafungua kifuniko cha nyuma na huna haja ya kugusa nyuzi.

Tafuta upenyo mdogo kwenye mwili wa voliumu, karibu na miguu yake mitatu. Pulizia spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme kidogo tu, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Acha ikauke, jaribu.

Usiweke mafuta ya kula. Usiweke mafuta ya cherehani. Hayo yanabaki ndani, yanakusanya vumbi, na baada ya muda mfupi hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ikikataa kabisa, inunue nyingine, lakini usichukue yoyote tu dukani. Pikapu nyembamba za koili moja kwa kawaida hutumia voliumu ya kilo-omu 250. Zile pana za koili mbili hutumia 500. Namba hiyo huwa imeandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani. Ing'oe uende nayo dukani, ulinganishe namba, unene wa mshale na meno yake. Fundi redio mwenye maboksi ya vipuri anaweza kuwa nayo.

Swichi

Swichi nayo ni chuma kinachogusa chuma. Ikikata, jaribu kwanza spreyi ile ile na kuihamisha huku na huko mara nyingi. Kama ni ile yenye majani ya chuma yaliyo wazi, pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya vigusio ukivute taratibu. Uchafu utauona kwenye karatasi. Usitumie msasa, utakwangua ule mpako wa juu na kutu itarudi kwa kasi.

Gita linavuma "mmmm"

Jaribio rahisi: shika nyuzi kwa mkono. Kama mvumo unapungua ukishika, hiyo ni hali ya kawaida, hasa kwa pikapu za koili moja. Sogea mbali na taa za tyubu, chaja na televisheni, utaona tofauti. Pikapu za koili mbili zilibuniwa maalumu kuua mvumo huo.

Lakini kama mvumo ni mkubwa na kushika nyuzi hakubadilishi chochote, shuku waya wa ethi. Kuna waya mmoja unaotoka kwenye daraja la gita hadi nyuma ya voliumu. Kwenye Stratocaster unaishia kwenye bati la springi, nyuma. Ukikatika, nyuzi hazina ethi tena. Kuurudishia ni tone moja la risasi.

Pikapu imekufa au imesingiziwa?

Pikapu husingiziwa sana. Jaribu hivi: gita likiwa limechomekwa na sauti ikiwa ya chini, gusa sumaku za pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi ya chuma. Ukisikia "tok tok" kwenye spika, pikapu iko hai. Shida iko kwingine.

Ukiwa na mita, kuna kipimo kizuri zaidi na hakihitaji kufungua gita. Chomeka kebo kwenye gita, fungua voliumu mpaka mwisho, chagua pikapu moja. Kisha pima upande wa pili wa kebo, mkono mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi, mwingine kwenye shina lake.

Pikapu ya koili moja iliyo nzima kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7. Ya koili mbili mara nyingi husoma 7 hadi 9, na nyingine huzidi hapo. Ukipata karibu na 0, kuna waya zinazogusana, au umesahau voliumu chini. Ukipata namba kubwa kama 250 au 500, mita inasoma voliumu peke yake, yaani pikapu imekatika. Kagua kwanza kama ni waya wa nje uliong'oka. Ukikatika ule mwembamba wa ndani, hiyo si kazi ya sebuleni.

Jinsi ya kuchomelea bila kuharibu

Kuchomelea si uchawi. Fuata mpangilio huu:

- Funika mbao ya gita kwa kitambaa kinene. Tone moja la moto likidondoka kwenye rangi, alama haitoki.
- Tumia risasi nyembamba ya vifaa vya umeme, yenye dawa yake ndani. Usitumie ile ya kuzibia mabati.
- Pasha moto chuma unachotaka kuunganisha, siyo risasi. Chuma kikipata joto, gusisha risasi, itayeyuka na kusambaa yenyewe.
- Sekunde mbili tatu zinatosha. Ukikaa sana utaunguza voliumu kwa ndani.
- Usiutikise waya mpaka ipoe. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetulia. Kikiwa kama kijiuvimbe chenye vumbi, rudia.

Fungua dirisha, usivute ule moshi. Nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Na kama ni mara yako ya kwanza, fanya mazoezi kwenye redio iliyokufa.

Skrubu inazunguka haikazi: njiti za meno

Mkanda unachomoka, gita linataka kuanguka. Ukiangalia, skrubu ya kitufe cha mkanda inazunguka bure kwa sababu tundu la mbao limepanuka.

Ng'oa skrubu. Chovya njiti mbili tatu za meno kwenye gundi ya maseremala, zijaze kwenye tundu, zikate usawa wa mbao. Acha usiku kucha. Asubuhi rudisha skrubu kwa mkono, taratibu. Itauma kama mpya. Njiti za kiberiti za mbao nazo zinafaa, ondoa tu vichwa vyake.

Mbinu hii inafaa pia kwa skrubu za vikaza nyuzi, bamba la mbele na kibati cha jeki. Gharama yake ni karibu na bure, na inaweza kuliokoa gita lisivunjike shingo.

Haishiki tyuni

Kabla ya kulaumu vikaza nyuzi, angalia ulivyofunga nyuzi. Uzi uzunguke mti wa kikaza mara mbili au tatu, mizunguko ishuke chini bila kupandana. Uzi mpya uvute kwa vidole mara kadhaa, utyuni tena, mpaka utulie.

Pili, angalia kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mitaro kichwani mwa shingo. Kama ukikaza unasikia "tiki!", uzi unang'ang'ania mtaroni. Chonga penseli, sugua ncha yake ndani ya mtaro. Unga wa penseli unalainisha, uzi unateleza.

Tatu, kaza skrubu ndogo za vikaza nyuzi, za nyuma na zile za kwenye kishikio. Zinalegea kimya kimya.

Na tafadhali, usifunge waya wa breki ya baiskeli. Kwenye magita ya kuchonga nyumbani umesaidia wengi, lakini hapa unene wake haulingani na noti, tyuni haikai, na unakwangua freti. Nunua uzi mmoja mmoja kama seti nzima ni ghali.

Kutu: adui wa watu wa Pwani

Kama uko Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa au Lamu, unaijua hali hii. Hewa ina chumvi na unyevu, mkono unatoka jasho, na ndani ya muda mfupi skrubu za daraja zimekuwa kahawia na hazizunguki.

Usitumie nguvu, utaua kichwa cha skrubu. Toa nyuzi, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, acha mpaka kesho yake. Sugua kwa mswaki, futa, jaribu kuzungusha kidogo kidogo, mbele na nyuma. Zinazokataa, rudia. Futa mafuta yote yanayobaki, yasifike kwenye mbao wala kwenye pikapu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Futa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye begi la gita. Na gita lililonyeshewa usilifungie begani, likaushe kwanza kivulini.

Daraja: kulipanga kwa simu yako

Sasa gita linalia, lakini kodi moja ni tamu na nyingine inachefua. Huenda vijitandiko vya daraja havijakaa sawa.

Anza na urefu wa nyuzi. Kwa rula ya shule, pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12. Kati ya milimita 1.5 na 2 inawafaa wengi. Nyuzi zikiwa juu sana vidole vinauma, zikiwa chini sana zinagonga freti na kulia "zzz". Ule ufunguo wa L ndio unaopandisha na kushusha.

Kisha fungua programu ya kutyuni. Tyuni uzi ukiwa wazi mpaka usome sawasawa. Halafu bonyeza freti ya 12, piga tena. Inatakiwa isome noti ile ile, juu kwa oktava moja. Ikisoma juu zaidi, rudisha kijitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikisoma chini, kisogeze mbele, kuelekea shingo. Legeza uzi kabla ya kusogeza, tyuni, pima tena. Rudia kwa nyuzi zote sita.

Fanya kazi hii kwa nyuzi mpya. Uzi uliochakaa unadanganya, utahangaika bure.

Hapa simama, mwite fundi

Kujifanyia mwenyewe kuna mpaka wake. Usilazimishe mambo haya:

- Shingo iliyopinda. Ndani yake kuna chuma cha kurekebishia, lakini kukikaza kwa nguvu kunaweza kukikata. Mwenye uzoefu hukizungusha robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, kisha anapima.
- Kichwa cha shingo kilichovunjika.
- Freti zilizolika na kutengeneza mashimo.
- Pikapu iliyokatika waya wa ndani.
- Chochote kilicho ndani ya amplifaya.

Na ukienda kwa fundi, nenda ukiwa na maelezo. Usiseme "limeharibika". Sema, "Kebo nimebadilisha, jeki nimekaza, pikapu ya mbele inasoma sawa, ya nyuma haisomi." Fundi ataokoa muda, na atajua hakuna cha kukuongezea bei bure.

Turudi kwenye mazoezi

Sasa rudi kwenye lile gita la Jumamosi jioni. Linatoa "krrr" ukitikisa waya. Umebadilisha kebo, bado. Limetikisika kwenye tundu, likarudi. Unajua tayari: ni jeki. Skrubu mbili, vidole viwili kwa ndani, nati inakazwa, ulimi unakunjwa kidogo. Robo saa haijaisha.

Hela mliyotaka kuchangishana inabaki. Nunueni kebo moja ya akiba na seti ya nyuzi, kinachobaki kiende kwenye ethi ya ukumbi. Gita bovu linaharibu wimbo mmoja tu. Ethi mbovu inaweza kumwondoa mpigaji mwenyewe.